Binti yangu wa kidato cha pili anataka kuingia timu ya wasichana ya kupiga makasia, naogopa ziwa, nishaurini

mama_nyegezi

Wadau wa Mwanza habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba mawazo yenu hasa wazazi wenzangu na nyie mnaolijua ziwa.

Binti yangu yuko kidato cha pili shule ya kutwa, tunakaa Nyegezi. Mwaka huu shule imepata boti mbili za mashindano, zile nyembamba ndefu mnakaa mmoja nyuma ya mwenzie, na mashine moja ya kufanyia mazoezi nchi kavu, na kuna kocha anaanzisha timu ya wasichana. Mtoto karudi na fomu ya ridhaa ya mzazi kaishika mkononi tangu getini, anaongea mpaka kasahau kuvua viatu kaingia navyo ndani. Anasema kocha alikuja kuangalia netiboli akamwambia wewe una miguu mirefu na pumzi, njoo ujaribu. Mazoezi mara 3 kwa wiki, saa 11 na nusu alfajiri wawe wameshafika ufukweni, saa 1 wamalize wakimbilie darasani.

Sasa shida yangu ni hii. Hajui kuogelea. Tumezaliwa hapa hapa pembeni ya maji lakini mimi sijui, mama yangu hajui, dada zangu wote hawajui, tulikuwa tunafua tu na kuchota. Afu 1996 MV Bukoba ilipozama tulimpoteza baba mdogo, alikuwa anarudi Mwanza na mikungu ya ndizi ya kuuza. Nilikuwa mdogo lakini ule msiba naukumbuka, mkeka uani, wanawake wa mtaa mzima, na bibi haongei. Bibi mpaka leo hapandi kivuko, ndugu zetu wa Sengerema alikaa miaka hajawatembelea mpaka daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa 2025 ndio akakubali kupanda gari kwenda. 2018 MV Nyerere ilivyopinduka kule Ukara alikaa na redio usiku kucha. Sasa mimi nimwambieje huyu bibi kwamba kitukuu chake kinaenda kukaa kwenye kiboti cha upana wa kiti, gizani, katikati ya maji?

Na bado kuna kichocho, kuna upimaji wa kidato cha pili mwisho wa mwaka, na hiyo alfajiri anatokaje nyumbani. Baba yake yuko Geita kikazi, kaniambia mama uamuzi ni wako. Kwa kweli natamani nimpe, sijawahi kumuona anataka kitu hivi. Nisaidieni.

baba_watatu

Dada pole kwa mawazo. Mimi ningekataa na nitakwambia kwanini bila kuzunguka. Nina mabinti wawili sekondari. Mtoto akiamka saa 10 alfajiri mara tatu kwa wiki, saa 4 asubuhi darasani anasinzia, hesabu zinapita. Kidato cha pili asipofaulu upimaji anarudia darasa, hiyo ni mwaka mzima umepotea. Pia UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, wana mpira wa miguu, netiboli, wavu, riadha, hayo mashindano mtoto anayafikia na yana njia inayojulikana, sasa kupiga makasia atashindana na nani? Na kuhusu usafiri, binti wa miaka 14 kwenye bodaboda saa 11 alfajiri mimi hapana, hata dereva awe jirani. Sisemi mchezo ni mbaya. Nasema hesabu zote za hatari ziko upande wa mtoto.

mvuvi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa ziwani zaidi ya miaka 30, sangara na dagaa, sasa nimepumzika Luchelele. Hizo boti nyembamba sizijui ila maji haya nayajua, kwahiyo nitaongelea maji tu.

Kwanza hiyo saa ya alfajiri usiione kama adhabu, huyo kocha anajua anachofanya. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani na pembeni huku kwenye ghuba maji yanakuwa yamelala kama mafuta kwenye sinia. Jua likipanda ardhi inapata moto, upepo unageuka unatoka ziwani kuja huku, kufika saa 5 au saa 6 mchana mawimbi yanavunja. Boti nyembamba ni ya alfajiri, wakikwambia wanahamisha mazoezi yaende saa 10 jioni baada ya masomo ujue hapo pana tatizo.

Lakini alfajiri ndio mda wetu sisi wa kurudi. Mitumbwi ya dagaa inarudi na injini, watu wamekesha, macho mazito, mwingine taa imeisha chaji na kaipiga injini awahi mnada. Na nasikia hao wanaopiga makasia wanakaa wameipa mgongo mbele, yani wanakwenda wasikokuona. Sasa nani anawaonea? Muulize kocha, je kuna boti ya injini inawafuata wakiwa majini, yeye mwenyewe akiwa ndani na macho mbele, na ina taa, na ina makoti ya kuelea ya kutosha wasichana wote sio la kwake tu. Kama jibu ni "tunaangalia kutoka ufukweni" basi mwanangu usisaini.

Kitu kingine wakae mbali na matete. Kiboko anakula usiku nchi kavu, alfajiri ndio anarudi majini na anapita hapo hapo kwenye matete, ukimkatia njia hana msamaha. Na mamba pia wapo, msidanganyane kwamba mjini hakuna. Na mawingu. Ukiona wingu jeusi limesimama upande wa ziwa na ubaridi wa ghafla unakupiga usoni, hiyo siku hakuna mazoezi, hata kama wameshabeba boti wairudishe. Radi za ziwa hili si mchezo. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa Ziwa Victoria, sisi zamani tulikuwa hatuna, nyie mnao kwenye simu.

La mwisho nitaliandika pole pole maana linaniuma. Mwaka mmoja tulipinduka usiku tukiwa watatu, mimi, mtoto wa dada yangu, na kijana mmoja wa Ukara ambaye alikuwa anaogelea kama samaki, alitushinda wote. Mtumbwi uligeuka ukabaki unaelea tumbo juu. Taa za kijijini tulikuwa tunaziona kabisa, ukiangalia unasema ni hapo tu. Yule kijana akasema nakwenda kuita msaada. Tukamwambia baki. Akaenda. Mimi na mpwa wangu tulikumbatia ule mkuku, ubao wa katikati chini ya mtumbwi, ukucha huu wa kidole gumba uling'oka, mpaka kulipokucha wavuvi wengine wakatuona. Kijana tulimpata siku ya tatu. Taa usiku zinadanganya, maji hayana vipimo vya macho. Kwahiyo binti akifundishwa kuogelea, afundishwe na hili, boti ikipinduka usiiache. Mbao inaelea. Wewe unachoka.

mama_nyegezi

Mzee wangu asante sana, nimesoma mara mbili na nimemsomea na binti, amenyamaza kimya. Nitakwenda kumuuliza kocha maneno yako hivyo hivyo. @baba_watatu nimekusikia kaka, hiyo ya bodaboda hata mimi imenikaa kooni.

nesi_wa_ziwani

Dada mimi ni muuguzi, niseme kuhusu kichocho maana watu wanakiongelea kama laana wakati ni ugonjwa unaojulikana njia zake.

Huku ukanda wa ziwa tunacho kichocho cha matumbo zaidi, minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Vijidudu vinatoka kwa konokono wanaoishi maji mafupi yenye majani, vinatoboa ngozi ukiwa umesimama tu majini, huhitaji kuyanywa. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kwahiyo alfajiri kwenye maji ya kina hatari inapungua sana ila haiishi. Hatari ya timu yenu haiko kule katikati wanapopiga makasia, iko pale wanapoingiza boti majini, wanasimama kwenye tope na majani maji yakiwafika magotini dakika 10 wanapangana nani akae wapi. Hapo ndipo wanapoupata. Waombeni wapate sehemu yenye mchanga au gati isiyo na majani, wavae gambuti wakiingia, na wakitoka wajifute na taulo kavu hapo hapo wasikae na nguo mbichi.

Dawa ipo, prazikwanteli, dozi inapimwa kwa uzito na kwa ugawaji wa mashuleni wanatumia fimbo ya kupima urefu. Apimwe na apewe dawa. Ila jueni mambo mawili. Dawa inaua minyoo mikubwa, ile michanga inapona, ndio maana mtu anayegusa maji kila wiki inabidi arudie kupima na kumeza. Na kuugua mara moja hakukupi kinga, unapata tena na tena. Na ameze ameshakula, tumbo tupu litamchafua sana moyo mpaka aichukie.

Akianza kuharisha damu au tumbo la mara kwa mara, msisubiri ugawaji wa shule, nendeni kituo cha afya.

ticha_wa_michezo

Habari mama. Nafundisha michezo sekondari mkoa huu huu ila sio hiyo shule yenu. Nilipata bahati ya kuhudhuria mafunzo ya mchezo huu Uganda, kwahiyo kidogo naweza kukuchambulia.

Kaka @baba_watatu kauliza atashindana na nani. Swali zuri. Huku kwetu mashindano ya mitumbwi tunayo, wanawake walishindana miaka mingi kwenye yale yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi, na mwanamke wa Ukerewe au Musoma ukimpa kafi hakuna wa kumfundisha. Hii ya makasia ya kukaa kinyume ndio ngeni. Ila jirani zetu wa ziwa hili hili wameshafika, Kathleen Noble wa Uganda alipiga makasia peke yake kwenye boti Olimpiki ya Tokyo na tena Paris 2024, na ndiye wa kwanza kuiwakilisha Uganda kwenye mchezo huo. Wanawake wenyewe kuingizwa Olimpiki ni 1976 pale Montreal, na waliwapa mita 1,000 tu wakati wanaume mita 2,000, ikaja kulinganishwa Seoul 1988. Mabinti zetu hawajachelewa kama tunavyodhani.

Sasa vitu vya kukagua, na mama usione aibu kukagua, fomu inataka saini yako.

Ingia uone ile boti. Mbele puani pawe na kimpira, kile sio urembo, ikigonga mtu au boti nyingine isimtoboe. Afu angalia pale miguu inapokaa. Kuna ubao una viatu vimefungwa humo humo, mtoto anaingiza miguu na kukaza. Kila kiatu kisiginoni kiwe na kamba fupi imefungwa kwenye ubao. Ile kamba ndio uhai wake, boti ikipinduka akavuta mguu, kisigino kinanyanyuka kidogo kamba inakaza, mguu unachomoka wenyewe kiatu kinabaki. Kamba ikikatika au ikiwa ndefu, mguu unaweza kukwama yeye kichwa kiko chini ya maji. Shika kila moja kwa mkono wako. Nimeona boti nzuri za mamilioni na kamba ya kisigino hakuna, na ni kitu cha kamba ya kiatu tu.

Afu uliza boti ni za maji tulivu au za mawimbi. Kuna aina pana kidogo, nzito, zinazostahimili mawimbi, na mchezo wa aina hiyo wa ufukweni, unaanza kwa kukimbia mchangani unarukia botini, umeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kwa ziwa letu mimi naziona hizo zinatufaa zaidi kuliko zile nyembamba. Kama kocha ana nafasi ya kuomba boti nyingine aombe hizo.

Kuhusu mwili wake. Huu mchezo watu wanadhani ni mikono, ni miguu. Unakaa kwenye kiti chenye magurudumu kinateleza kwenye reli, unajikunja magoti kifuani, kasia linaingia majini, unasukuma ubao kwa miguu kama unayetaka kuuvunja, mgongo unafuata, mikono ndio ya mwisho. Kurudi ni kinyume, mikono, mgongo, miguu, na kurudi unarudi pole pole. Mtoto anayeelewa huo mpangilio kwenye mashine atauelewa majini. Mwezi wa kwanza wote wangekaa kwenye mashine na kujifunza kuogelea, haina haja ya kukimbilia boti.

Viganja vitatoka malengelenge, usimnunulie glovu, atashindwa kulihisi kasia. Asiyatoboe, yakipasuka aoshe na sabuni akaushe, baada ya wiki kadhaa vinakuwa vigumu.

Masomo ni kweli yanaguswa. Mimi wachezaji wangu ambao wanalala saa 3 usiku wanafanya vizuri kuliko wasiocheza, na wale wanaolala saa 5 na simu mkononi wanaanguka. Kwahiyo mazungumzo na binti yaanzie kwenye simu.

umi_wa_kirumba

Asalaam aleykum. Naomba kuuliza hapo hapo, na wa kwangu amevutiwa baada ya kumuonyesha huu uzi. Anavaa hijabu, je inawezekana? Na nguo zake zinakuwaje?

ticha_wa_michezo

Waaleykum salaam mama. Inawezekana kabisa. Suruali ya kubana mpaka kifundoni na fulana ya mikono mirefu ya kubana, na hijabu ile ya michezo isiyo na pini wala ncha za kuning'inia. Tatizo sio kujisitiri, tatizo ni nguo pana, shati likiachia nyuma linanaswa na kiti kwenye reli, linavuta, boti inayumba. Kwa jua letu hata wasiovaa hijabu ningewashauri mikono mirefu.

binti_wa_igombe

Shikamoo mama na wakubwa wote. Nimeona huu uzi nikiwa kazini nimeshindwa kufanya kazi mpaka niandike, samahani itakuwa ndefu.

Nimezaliwa Igombe. Babu alikuwa na mtumbwi na mimi nilikuwa nakaa mbele nampigia kafi mpaka tunafika kwenye nyavu. Nikiwa na miaka 15 mama alipata kazi Marekani, tukahamia jimbo la Massachusetts, nikaanza sekondari ya kule nikiwa siongei na mtu kwasababu Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu. Shule ilikuwa na timu ya wasichana ya makasia. Nikaona tangazo lenye picha ya maji nikaenda kwasababu ya maji tu.

Kule hawakuulizi unajua nini, wanaoanza wanawekwa kundi lao la wageni wa mchezo, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika kasia. Ila kabla ya chochote tulipelekwa kwenye bwawa. Kuogelea kwenda na kurudi, afu kuelea dakika 10 bila kushika ukingo, afu tena na nguo. Mimi wa ziwani nilijua kuogelea kwa mbwa, nilikunywa maji mpaka nikalia. Walinipa mwezi. Mpaka nilipofaulu ndio nikagusa boti, na mtu yeyote asiyefaulu hakugusa, hata awe na nguvu vipi. Mama, hilo ndilo la kwanza na la mwisho ningelisema kama ningekuwa na nafasi ya sentensi moja. Aogelee kwanza.

Afu ikaja baridi, mto ukaganda, miezi tukakaa chumbani kwenye mashine. Ile mashine ina kakioo kanakuonyesha unatumia mda gani kwa kila mita 500, mimi niliandikiwa dakika 2 na sekunde 50 na msichana mwembamba pembeni yangu anaandika 2 na 10, nikajiona mzigo. Nilikuwa navuta na mikono kama nilivyokuwa navuta kafi la babu. Siku kocha aliponiambia weka mikono kama kamba tu, sukuma na miguu, nikashuka mpaka 2 na 25 siku hiyo hiyo nikadhani mashine imeharibika.

Mara ya kwanza majini tulikuwa kwenye boti ya wanane. Wanane na wa tisa anakaa nyuma kwenye usukani anaangalia mbele, anatuita mapigo, kule wanamwita koksi. (Mama kama una binti mwingine mfupi mwenye sauti, hiyo ndio nafasi yake.) Tulipiga kama mara ishirini vizuri afu kasia langu likaingia majini kwa upande vibaya, maji yakalishika yakakataa kuliachia, mpini ukanirudia kifuani ukanilaza chali juu ya miguu ya aliyekuwa nyuma yangu. Boti nzima ikasimama. Watu wanane wamesimama kwa ajili yangu. Nikasubiri matusi. Yule wa nyuma akaweka kiganja mgongoni kwangu akasema pumua. Tukaanza tena. Na siku hiyo hiyo kabla ya kurudi, kwa sekunde chache tu, makasia yote manane yaliingia kwa pamoja na nikasikia sauti moja, kama mlango mmoja mzito unafungwa, na boti ikanyanyuka ikatoka chini yetu ikakimbia. Niliacha kuwa mgeni siku ile. Kiingereza kilikuja baadae.

Nilikaa miaka mitatu. Nimepiga Head of the Charles pale Boston, ni mashindano ya kila Oktoba tangu 1965, zaidi ya kilomita 4 na nusu mtoni, boti zinaachiwa moja moja mnashindana na saa, madaraja mengi na kona ambazo koksi akikosea mnagonga nguzo.

Sasa na mabaya niyaseme. Kulikuwa na kundi la wepesi, wanapimwa uzito kabla ya mashindano, na kuna mtu mzima alinishauri nipunguze kilo niingie huko. Nikaacha kula jioni. Nilifika nilipotakiwa kufika na hedhi ikapotea miezi mitano na sikumwambia mama. Olimpiki yenyewe kundi la wepesi limeondolewa baada ya Paris 2024. Mama, mtu yeyote akimwambia binti yako apungue ili awe mwepesi kwenye boti, mtoe siku hiyo hiyo. Mtoto wa miaka 14 anakua, anahitaji uji mzito na mayai kabla ya kwenda darasani, sio chai kavu. Na muulize kuhusu mzunguko wake kila mwezi bila kumuonea aibu.

Na kuhusu skolashipu, watu watakuja kukwambia Marekani vyuo vinatafuta wasichana wa makasia. Ni kweli vinatoa, tangu ile sheria ya 1972 ya usawa shuleni na vyuoni mchezo huu kwa wanawake ulikua sana na tangu 1997 wana ubingwa wao wa vyuo. Mimi sikupata. Niliokuwa nao kwenye boti ile, alipata mmoja. Akiingia aingie kwasababu anautaka, huo wa kusahau kuvua viatu.

baba_watatu

Binti nimekusoma. Sijabadili msimamo kuhusu bodaboda lakini hilo la kutomgusisha boti mpaka aogelee, kama shule italishika hivyo, mimi nitapunguza ukali wangu nusu. Mama tafuta wazazi wengine wa hiyo timu mkodi bajaji moja ya uhakika, dereva mmoja, iwapitie wote, na mzazi mmoja awe ndani kwa zamu. Hilo linawezekana hata kwa mshahara wa kawaida.

mama_nyegezi

Jamani nimerudi, ni wiki tatu sasa. Sijui niwashukuru vipi, nitaandika tu kilichotokea.

Jumamosi ile nilikwenda ufukweni saa 11 na nusu, na tochi na orodha yenu kwenye daftari. Maji yalikuwa yamelala kweli kama mzee alivyosema, nilisikia hadi mitumbwi ya dagaa inakuja kutoka mbali. Kocha ni kijana mpole. Boti ya injini ipo, taa ipo, makoti ya kuelea yalikuwa mawili na wasichana tisa. Nikamwambia hapo hapo siwezi. Hakukasirika, alisema ameomba na hajajibiwa, tukakubaliana na wazazi wengine watano tuliokuja tuandike barua na tuchange. Mpaka juzi yamefika saba, na hawatoki zaidi ya idadi ya makoti.

Nikaomba kuona viatu ndani ya boti. Nilipiga magoti nikashika kila kamba ya kisigino. Kiti cha tatu mguu wa kushoto haikuwepo. Kocha alinyamaza kidogo, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe akaifunga, afu siku iliyofuata akakagua zote na sasa wasichana wenyewe wanazivuta kabla ya kuingia, ni kitu cha kwanza wanafanya. Kiti cha tatu ndicho walikuwa wamempangia binti yangu. Ticha, Mungu akubariki, sina la kuongeza.

Wamehamisha pa kuingilia, kulikuwa na majani sana, sasa ni kwenye mchanga na gambuti wanazo. Dawa ya kichocho tumemeza nyumba nzima, tumekula kwanza.

Bajaji tumepata, wazazi wanne, zamu yangu ni Alhamisi. Simu inakaa chumbani kwangu kuanzia saa 3 usiku, hilo lilileta kilio kuliko yote.

Kuogelea. Kuna bwawa la hoteli wanaturuhusu asubuhi Jumapili, tunalipa. Nilimpeleka, nikakaa ukingoni nimejifunika kanga, mwalimu akaniuliza na wewe mama? Nikasema mimi mtu mzima. Binti akaniangalia tu. Wiki ya pili niliingia. Nimeshika ukingo kwa mikono miwili, maji kifuani, moyo unanienda mbio mpaka masikioni, na yeye pembeni kalala chali anaelea, mwalimu kamwachia, nikahesabu mpaka 40 ndio akashtuka akazama akaibuka anakohoa na kucheka. Sijawahi kuona mtu wa ukoo wetu amebebwa na maji vile, akiwa hai.

Bibi nilimwambia mwenyewe. Alikaa mda mrefu. Afu akauliza, huyo anayewafundisha kuogelea ni mwanamke au mwanaume? Nikamwambia mwanaume. Akasema tafuteni mwanamke, hapo basi, hakusema hapana.

Kwahiyo fomu bado sijasaini, iko kabatini chini ya vitenge, tumekubaliana mita 50 bila kushika na dakika 10 za kuelea ndio nasaini, kwa sasa yuko mita 15. Kwenye mashine anaruhusiwa na anakwenda. Sasa naomba kuuliza, kuna anayemjua mwalimu wa kuogelea wa kike hapa Mwanza anayefundisha wikiendi? Hata awe Capri Point tutakwenda. Tuko mabinti sita na mama watatu. Na nguo za kuogelea za kufunika mpaka gotini saizi ya mama mwenye mwili zinapatikana wapi, pale mjini nimezunguka nimekosa.

umi_wa_kirumba

Tuhesabu na sisi, mabinti saba na mama wanne. Mwalimu wa kike nakutumia namba inboksi, ni wa huku Kirumba, alimfundisha mtoto wa dada yangu. Nguo zile tulishonesha kwa fundi, kitambaa cha kuvutika, mita mbili na nusu zinatosha, nitakutumia na picha.